Miezi saba ya kuchimba kwa kijiko

Nilikosea hesabu kabla hata sijawasha kitu. Niliwaza hivi: bodi ndogo ya Raspberry Pi 4, ambayo ni kompyuta nzima kwenye bodi moja, inakula wati 6 hivi ikifanya kazi kwa nguvu zote. Mashine kubwa ya kuchimba Bitcoin, yaani ya kushindania sarafu mpya za kidijitali kwa kubahatisha hesabu, inakula wati 3,500. Basi mwenye bodi ndiye mjanja, maana hata akipata kidogo, umeme wake ni kama wa bure. Haba na haba hujaza kibaba.

Miezi saba baadaye, baada ya kadi mbili za SD kufa na mwizi mmoja kupita, ndipo nilipoona hesabu ilipinda wapi.

Nilianza na Bitcoin yenyewe, usiku mmoja mwanzoni mwa 2024. Wenzangu wote walishaniambia muda wake ulipita, lakini mimi ni wa kushika ndipo niamini. Nikapakua cpuminer, programu ya kuchimba, nikaielekeza kwenye kikundi kimoja cha wachimbaji, nikaviachia viini vyote 4 vya prosesa vikimbie. Skrini ikaanza kutiririsha namba: kila kiini hashi milioni moja kwa sekunde, yaani majaribio milioni moja ya hesabu, jumla milioni 4 hivi. Milioni nne kila sekunde, kwenye kidude kinachoenea kiganjani! Nililala nikiwa na furaha ya kijinga.

Asubuhi, hisa zilizokubaliwa: 0. Zilizokataliwa: 0. Yaani sikuwa hata nimewahi kupeleka kitu cha kukataliwa.

Ili uone kwa nini, lazima uitazame kazi yenyewe kwa karibu. Bloku ya Bitcoin, yaani fungu la miamala, ina kichwa cha baiti 80. Humo mna namba ya toleo, hashi (jibu la hesabu) ya bloku iliyotangulia, muhtasari wa miamala yote, saa, kiwango cha ugumu, na mwishoni kabisa baiti 4 za namba iitwayo nonsi. Mchimbaji anazipitisha hizo baiti 80 kwenye kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256 mara mbili, anatazama jibu, na kama halijaanza na sifuri za kutosha anabadili nonsi na kurudia. Basi. Hakuna ujuzi wala kukaribia. Jaribio la bilioni moja halina nafasi kubwa kuliko la kwanza. Hashi ya bloku ya kwanza kabisa, ya tarehe 3 Januari 2009, inaanza na sifuri 10 ukiiandika kwa heksadesimali, yaani tarakimu 16 badala ya 10. Za siku hizi zinaanza na 19 au zaidi, na kila sifuri inayoongezeka inazidisha kazi mara 16.

Baiti 4 za nonsi zinatoa namba 4,294,967,296. Bodi yangu ingezimaliza zote kwa dakika 18 hivi, ndipo ibadilishe kitu kingine kichwani na kuanza upya. Mashine kama Antminer S21, yenye terahashi 200, yaani hashi trilioni 200, kwa sekunde, inazimaliza zote mara elfu 46 na ushei ndani ya sekunde moja.

Kikundi cha wachimbaji kinajua kwamba wanachama wengi hawatapata bloku nzima, hivyo kinawapa lengo jepesi zaidi. Ukilifikia, unahesabiwa hisa moja, na bloku ikipatikana mnagawana zawadi yake kwa hisa. Ila hata hilo jepesi lilikuwa limepimwa kwa watu wenye mashine. Mimi nilipewa ugumu wa 512, maana yake dakika 18 mara 512. Kwa wastani hisa yangu ya kwanza ingetokea baada ya siku sita na zaidi. Mimi nililala kwa muda wa saa saba tu.

Na kama ningeamua kuchimba peke yangu? Mwaka huo mtandao mzima wa Bitcoin ulikuwa unapiga zaidi ya exahashi 500 kwa sekunde, na exahashi moja ni terahashi milioni moja. Chukua 600, gawanya kwa milioni zangu 4, kisha zidisha kwa dakika 10 ambazo bloku moja huchukua. Unapata miaka bilioni 2.8 hivi. Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.5, kwa hiyo si kwamba haiwezekani. Ni suala la subira tu.

Sasa turudi kwenye wati, maana hapo ndipo nilipojidanganya. Wati 6 kwa hashi milioni 4 kila sekunde ni jouli 1.5 kwa kila hashi milioni moja. Ukitaka terahashi moja kwa bodi kama yangu, utateketeza jouli milioni 1.5. Antminer S21 inaitoa terahashi hiyohiyo kwa jouli 17.5. Gawanya mwenyewe: bodi yangu, niliyoisifia kwa kula kidogo, inapoteza umeme mara elfu 85 zaidi kwa kazi ileile. Kula kidogo na kutumia vizuri unachokula ni mambo mawili tofauti. Anayechota maji kwa kijiko hachoki haraka, ni kweli, ila muulize kila tone limemgharimu hatua ngapi.

Na kibaba chenyewe hakikai kilivyo. Kila baada ya bloku 2,016, karibu wiki mbili, mtandao unapima bloku zimetoka kwa kasi gani na kurekebisha ugumu ili zirudi kwenye dakika 10. Mashine zikiongezeka, kibaba kinapanuliwa. Haba yako inabaki haba ileile, na tarakimu za sehemu yako zinazidi kusogea kulia kwa nukta.

Huwa naulizwa swali moja kila ninapolisimulia hili: je, ukiunganisha bodi kumi? Utapata hashi mara kumi kwa umeme mara kumi, halafu uongeze umeme wa swichi ya mtandao na feni. Uwiano ni uleule, au umeharibika kidogo. Wazembe kumi hawazai mchapakazi mmoja. Nimeona picha za minara ya bodi zilizopangwa kwa spesa za shaba, taa za kijani zikipepesa, na kusema kweli ni vitu vizuri sana kuvitazama.

Monero, sarafu nyingine ya kuchimbwa, ndiyo iliyonishika. Tangu tarehe 30 Novemba 2019 sarafu hiyo inatumia RandomX, kanuni iliyoundwa makusudi ili prosesa za kawaida zisishindwe na mashine maalumu. Badala ya kurudia hesabu moja, RandomX inatunga programu ndogo za kubahatisha na kuilazimisha prosesa iziendeshe, pamoja na kusomasoma kumbukumbu kubwa ya mebibaiti 2,080. Nikasema, haya sasa, hii ni ligi yetu. Bodi yangu ina gigabaiti 4 za RAM, kumbukumbu hiyo inaenea. Nikaweka mfumo wa biti 64, nikaweka XMRig, programu ya kuichimba, nikawasha.

Hashi 100 kwa sekunde, wakati mwingine chini kidogo. Kompyuta ya mezani yenye Ryzen 9 ya viini 12 inapita elfu 10 bila kutoa jasho.

Sababu zilinichukua jioni kadhaa kuzielewa. RandomX inataka kila kiini kinachofanya kazi kiwe na mebibaiti 2 za kache, kumbukumbu ndogo ya haraka, karibu yake, kama meza ya fundi. Viini 4, mebibaiti 8. Pi 4 ina mebibaiti 1 tu, na viini vyote vinne vinagombania hiyohiyo. Fundi mwenye meza ya namna hiyo kila dakika anainuka kwenda stoo kufuata bisibisi, na stoo hapa ni RAM, iliyo mbali na isiyo na haraka. Pili, RandomX inatumia AES, kanuni ya kusimba data, kwa wingi, na prosesa nyingi za leo zina amri za AES ndani ya silikoni yenyewe. Ya Pi 4 haina. Kila hatua inafanywa kwa programu, kama mtu anayejumlisha kwa vidole pembeni ya mwenye kikokotoo. Pi 5, iliyotoka 2023, inazo amri hizo, lakini mimi nilikuwa na nilichonacho.

Hata hizo 100 hazikuja kwa amani. Wiki ya kwanza alama ya radi ilikuwa inatokea pembeni ya skrini, inapotea, inarudi. Nikaipuuza. Kasi ikashuka hadi 60. Nikaandika `vcgencmd get_throttled`, ikanijibu `0x50005`. Ile 5 ya kulia inasema: sasa hivi umeme hautoshi na nimejipunguza kasi. Ile ya kushoto inasema: na si mara ya kwanza tangu uniwashe. Nilikuwa nimechomeka chaja ya simu yenye waya mwembamba. Bodi inataka volti 5.1 na ampea 3, na ile 0.1 ya ziada imewekwa kufidia kinachopotea njiani kwenye waya. Volti ikishuka chini ya 4.63 inalalamika. Nilipobadilisha chaja, tatizo likawa joto: `temp=83.7'C`. Kuanzia nyuzi 80 prosesa inajikata kasi yenyewe. Nikanunua feni ndogo. Joto likashuka hadi 58 na kelele ikapanda kutoka sifuri hadi mlio wa mbu ambaye halali.

Mwezi wa pili dada yangu mkubwa alisimama mbele ya ile feni.

"Mdogo wangu, hiki kitu kimekupa nini mpaka sasa?"

"Kimenipa 0.0009."

"0.0009 ya nini?"

"Ya moja, dada."

Akaiangalia feni, akaniangalia mimi, akaendelea na safari zake.

Hesabu yake ni hii. Monero hutoa bloku kila dakika 2, na tangu Juni 2022 kila bloku ina zawadi ya kudumu ya 0.6 XMR, yaani Monero. Hiyo ni 432 kwa siku kwa dunia nzima. Mtandao wake wote, tuseme ni hashi bilioni 3 kwa sekunde. Sehemu yangu ya 100 inanipa 0.0000144 kwa siku. Kikundi nilichojiunga hakikuwa kinalipa chini ya 0.01, kwa hiyo malipo ya kwanza yangenifikia baada ya siku 694. Kwa mwaka bodi inakula uniti 52 na nusu za umeme. Tafuta bei ya uniti unapoishi na bei ya XMR siku unayosoma, mimi sitakuharibia siku yako.

Kadi za SD zilikufa kimyakimya. Mfumo unaandika kumbukumbu zake za kila dakika kwenye kadi, umeme ulikuwa wa kuyumba wiki zile za mwanzo, na siku moja kadi inaamka ikiwa inasomeka tu, haiandikiki. Ya kwanza nilidhani ni bandia. Ya pili ikanifundisha kuhamishia kumbukumbu za mfumo kwenye RAM.

Baada ya miezi saba nikaisimamisha. Nikachomoa kadi ya uchimbaji, nikachomeka kadi ya zamani niliyoitengeneza 2020, ya kuendesha kamera. Nilitaka kuiona kamera nikiwa mbali, nikafungua poti 22, mlango wa kuingilia kwa mbali, kwenye ruta ielekee kwenye bodi. Siku chache baadaye nilipita karibu na meza nikaisikia feni ikiimba. Kamera haimfanyi mtu aimbe namna ile. Nikaigusa bodi kwa nyuma ya kidole, nikakiondoa haraka.

Amri ya `top` ikaonyesha kazi moja inayokula asilimia 390 ya prosesa, yaani viini vyote vinne karibu na mwisho. Jina lake lilifanana na la kazi za kawaida za mfumo wenyewe, isipokuwa herufi moja ya ziada mwishoni. Nikafuata faili yake hadi ndani ya `/tmp`, na pembeni yake nikakuta faili ya mipangilio ambayo niliitambua kabla sijamaliza kuisoma, maana nilikuwa nimeandika nyingine kama hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa na anwani ya kikundi cha wachimbaji na anwani ya pochi inayoanza na 4. Nikahesabu herufi zake, 95. Monero.

Kadi ile ya 2020 ilikuwa na mtumiaji `pi` na nywila `raspberry`, kama ilivyotoka dukani, na sikuwa nimeibadilisha. Wala si ujanja mpya. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Doctor Web ilieleza kirusi ilichokiita Linux.MulDrop.14, kilichokuwa kinatafuta Raspberry Pi zenye poti 22 wazi na nywila hiyohiyo, kinaingia, kinabadilisha nywila, kinaanza kuchimba, na kutoka hapo kinatafuta bodi nyingine. Ilipofika Aprili 2022 mfumo rasmi wa Raspberry Pi ukaondoa kabisa mtumiaji huyo wa kawaida, lakini kadi yangu ilikuwa mzee wa miaka minne. Aliyeingia kwangu sijui alikuwa nani, na huenda hakuwa mtu, ni programu tu iliyokuwa inabisha hodi kwenye kila anwani ya intaneti usiku kucha.

Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakaa chini nikafikiri. Kadi ile ilikuwa ya biti 32, ambako RandomX inatambaa kuliko hata nilivyozoea. Hashi zake zilikuwa chache mno. Miezi saba nilibembeleza chaja, feni na mipangilio nikaambulia hasara, naye kaja na kitu kibovu zaidi kwenye bodi ileile, na yeye ana faida. Tofauti yetu ni moja: yeye halipi umeme. Bodi ya wati 6 inalipa tu ikiwa wati 6 ni za mwenzako. Mpe bodi elfu za namna hiyo, zote za watu wengine, na ile hesabu ya jouli inafutika kabisa upande wake. Niliposoma baadaye makala zinazosifia uchimbaji kwa vifaa vidogo, nilianza kutafuta kwanza mwandishi anamlipisha nani umeme. Wengi hawasemi. Mmoja alisema kwa uwazi kwamba bodi zake ziko ofisini.

Lakini nisizionee bodi hizi. Ziliwahi kuwa na heshima kwenye uchimbaji, ila si kama wachimbaji. Mwaka 2013 kulikuwa na vijiti vya USB vilivyoitwa Block Erupter, kila kimoja na chipu maalumu ya Bitcoin, megahashi 333 kwa wati 2.5. Watu walivipanga kumi kumi kwenye habu, wakachomeka Raspberry Pi ya kwanza pembeni, na kuiendesha cgminer, programu ya Con Kolivas, ambaye kazi yake ya mchana ni udaktari wa nusukaputi huko Australia. Pi haikupiga hashi hata moja. Ilikuwa karani: inachukua kazi kutoka kwenye kikundi, inagawa, inakusanya majibu, inapeleka. Hata ndani ya Antminer S5 kulikuwa na BeagleBone Black, bodi ndogo ya ukubwa uleule, ikifanya ukarani huohuo. Leo kuna Bitaxe, mashine ndogo ya kuchimba ambayo karani wake ni chipu ya ESP32, mdogo kuliko Pi, anayesimamia chipu moja tu ya aina inayotumika kwenye mashine kubwa. Toleo lenye gigahashi 500 kwa wati kumi na kitu lingepata bloku peke yake, kwa mtandao wa zile exahashi 600, kwa wastani wa miaka elfu 22 na ushei. Wanaoinunua wanajua ni bahati nasibu, na wanaisema hivyo, kwa hiyo sina ugomvi nao. Sina ugomvi pia na Duino-Coin, sarafu inayochimbika hata kwa Arduino, bodi dhaifu kuliko Pi, na iliyopangwa ili mashine kubwa zisifaidi. Ni shule nzuri ya kujifunza. Mshahara usiutarajie.

Bodi yangu sasa ni nodi, yaani mkaguzi wa mtandao wa Bitcoin. Nilinunua diski ya SSD ya terabaiti 1, nikaweka programu ya Bitcoin Core, nikaipa siku nne ipakue na kukagua kila muamala tangu 2009, zaidi ya gigabaiti 600. Nodi hailipwi chochote. Ninachokipenda ni kwamba upande huu bodi haijapunjwa. Kutafuta hashi yenye sifuri 19 kunahitaji majaribio yasiyohesabika na majengo yaliyojaa mashine. Kuikagua kunahitaji kupiga SHA-256 mara mbili, na hilo bodi ya wati 6 inalimaliza kabla hujapepesa jicho. Bloku ikija na kosa, hata kama imetoka kwenye shamba kubwa kuliko yote, bodi yangu inaikataa, na haiulizi imegharimu umeme kiasi gani.

Poti 22 nimeifunga, naingia kwa ufunguo badala ya nywila. Asubuhi hii joto lilikuwa nyuzi 47, feni imelala. Kule kwenye kikundi salio langu bado lipo, 0.0031 XMR. Limebakiza 0.0069 kufika kiwango cha kulipwa.